Kitabu Kidogo Kuliko Kiberiti

Tabora mjini,
12 Januari 2025

Mwalimu Dafrosa,

Salaam nyingi. Najua jibu lako litaanza na shikamoo, kwa hiyo marahaba naitanguliza ili tusipoteze wino.

Damas wa behewa la chakula atakukabidhi makopo mawili. Kubwa lina kichri, wali niliopika na choroko, ule siku hiyo hiyo. Dogo ni lile la dawa ya kikohozi. Hilo usilifungue mbele ya mtu mwenye mafua. Ndani, juu ya pamba, kimo kitabu namba moja.

Ndiyo, chenyewe. Umekuwa ukikisikia tu kwa miaka sita, tangu siku ile treni ilipoharibika Tura nikakukuta stesheni umekaa juu ya gunia unasoma katekisimu ndogo kama ukucha wa dole gumba. Nilishuka nikaacha begi langu kwenye kiti kwa furaha. Anayekusanya stempu ana wenzake, anayefuga njiwa ana wenzake. Sisi wa vitabu visivyopita kiberiti nilidhani niko peke yangu nchi nzima.

Sasa ninavyo mia moja na sita. Cha mwisho nimekipata mtaa wa Ng'ambo hapa mjini, kwenye mfuko wa ndani wa koti la mtumba: ndege wa Ulaya, kila ndege na rangi zake, kitabu chenyewe kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Muuzaji alikataa kukitenga na koti. Nimenunua koti. Halinitoshi.

Utamu wa mambo haya huwezi kumweleza asiyekuwa nao. Navuta droo niliyokuwa nikiwekea saa za wateja, nakiweka kitabu kiganjani, navaa kioo cha fundi jichoni, na mji wote unanyamaza. Jignesh wa duka la vitambaa huniuliza nataka nini na kitabu kisichosomeka. Namwambia babu yangu alikuja huku akifuata njia ya misafara na mizigo ya watu kumi. Wapagazi waliugua, wengine wakatoroka, mizigo mikubwa yote ikaishia porini. Kilichofika Tabora ni kile kilichokuwa mfukoni mwake.

Kitabu namba moja hakikununuliwa popote. Marehemu mke wangu Fatmabai alikiandika kwa mkono, kwa Kigujarati, mwaka wake wa mwisho. Alisema, "Vitabu vidogo unavipenda kuliko mimi, basi na mimi nitaingia kwenye droo." Kurasa arobaini na nane, kila ukurasa chakula kimoja. Huu mwaka wa tisa kila Alhamisi napika kichri kwa kukifuata neno kwa neno, na kila Alhamisi chumvi inazidi. Mkono wangu si wake, nimeshakubali.

Mshono umelegea na kurasa mbili zinataka kutoka. Hakuna mwingine ninayeweza kumpa. Kishone bila haraka, na ukingo usikate hata unywele.

Wako,
Murtaza


Tura,
19 Januari 2025

Mzee Murtaza,

Shikamoo, hata kama umeshaitika.

Makopo yote nimeyapokea. Kichri nimekila, kisha nimekunywa nusu mtungi wa maji. Sisemi zaidi, umesema mwenyewe.

Kitabu nimekaa nacho jioni nzima. Kigujarati sijui hata herufi moja, lakini nimefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na nne, naujua mwandiko wa mtu aliyeandika polepole kwa kupenda. Tena kinanuka iliki. Nimekinusa mara nyingi kuliko inavyompendeza mwanamke wa umri wangu.

Aliyekishona mara ya kwanza, nadhani ni wewe na usikasirike, alipitisha uzi mbali mno na mgongo. Karatasi zimebanwa, hazifunguki mpaka ndani. Nitafumua wote na kushona upya kwa uzi niliousugua nta ya nyuki. Kitafunguka kama kiganja.

Ila si wiki hii. Dada yangu Marcelina huko Kigoma ameanguka akavunjika nyonga, naondoka Jumatano. Wifi yangu Pelagia anatoka Ulyankulu kuja kulala hapa na kuangalia kuku. Kitabu sitakibeba, hospitalini kuna maji kila mahali. Na mchwa wa Tura usiwaogope, ingawa mwaka jana walikula mlango wa choo. Nimekishonea kifuko cha ngozi ya mbuzi, nimekifunga kwa uzi mwekundu ili nisikipoteze machoni, na nimekining'iniza kitandani upande wa kichwa. Hapo mchwa hafiki wala panya hafiki.

Simu usinipigie. Unayajua masikio yangu, huwa nasikia mtu anapumua tu.

Wako,
Dafrosa


Tabora,
16 Februari 2025

Mwalimu,

Salaam, na pole ya dada. Damas ameniambia umesharudi Tura tangu tarehe nane.

Nilikuambia usiharakishe. Nimebadili mawazo. Kitabu nakitaka kabla ya Pasaka. Sababu ni ndogo, nataka kupanga droo zangu upya, si jambo la kuulizana. Kama hujaanza kushona, anza. Kama umeanza, maliza.

Niwie radhi kwa ufupi. Karatasi imejaa.

Murtaza


Tura,
28 Februari 2025

Wifi yangu Pelagia,

Tumsifu Yesu Kristu. Kuku nimewakuta wote, na nyumba safi kuliko nilivyoiacha. Mungu akulipe.

Nina neno moja, nijibu kwa karatasi kwa sababu kwenye simu tutapigiana kelele bure. Chumbani kwangu kulikuwa na kitabu kidogo cha mtu, kidogo sana. Nimerudi, hakipo. Nimekung'uta shuka, nimetambaa uvunguni, nimemwaga hata gunia la karanga. Hukukiona kitabu popote? Labda kilidondoka ukakifagia? Niambie kweli, sitakasirika. Wiki tatu sasa chakula hakipiti.

Wifi yako,
Dafrosa


Ulyankulu,
9 Machi 2025

Wifi,

Milele na milele, amina.

Kitabu sikukiona. Ningekiona ningekuwekea mezani, mimi vitabu vya watu naviheshimu. Nilifagia kila kona, na taka nilizitazama kabla ya kuzitupa.

Mengine niliyoyakuta chumbani mwako nimeyanyamazia kwa heshima ya marehemu kaka yangu. Sitayataja kwa barua wala kwa mdomo. Unayajua, na nakuombea rozari kila jioni.

Pelagia


Tura,
15 Machi 2025

Mzee Murtaza,

Shikamoo.

Kitabu kipo katika hatua. Mvua za mwezi huu unaziona mwenyewe, gundi ya ngano haikauki, na ukiikausha kwa moto inavuta karatasi. Nipe muda kidogo.

Lakini na mimi nikuulize. Mbona herufi zako zimekuwa kubwa hivi? Barua ya mwezi uliopita maneno yake yangetosha nyuma ya tiketi, wewe umejaza kurasa tatu. Mzee wangu, mimi ni kiziwi, si kipofu. Ukiniandikia hivyo naona kama unanifokea mbele ya darasa.

Dafrosa


Tabora,
28 Machi 2025

Mwalimu,

Sijafoka.

Kama hakijashonwa, kirudishe hivyo hivyo. Kama kurasa zimetoka, zitie kwenye bahasha. Naondoka kwenda Dar es Salaam kwa treni ya tarehe kumi na saba Aprili. Nakitaka mkononi kabla ya siku hiyo.

Si kila safari lazima nieleze.

Murtaza


Tura,
4 Aprili 2025

Mzee Murtaza,

Shikamoo. Leo naiandika nimeinamisha kichwa.

Hakuna gundi. Hakuna hatua. Kitabu kimepotea. Nilirudi kutoka Kigoma tarehe nane Februari, nikatazama kichwani pa kitanda, na hakikuwapo. Nimepekua nyumba mara nne. Mara ya mwisho nilipanda darini, na kushuka nikashushwa na majirani.

Nilimwandikia wifi yangu Pelagia. Anasema hakuona kitabu, na Pelagia hasemi uongo, ndiyo shida yake. Ameongeza kwamba yapo mengine aliyoyaona na ananiombea. Hiyo ni chupa ya wanzuki iliyo nyuma ya kabati. Ni pombe ya asali, naipata kwa jirani, nanywa kidogo baridi ikizidi. Nakutajia ili ujue sikufichi tena chochote.

Nilidhani nikisogeza siku kitatokea. Wanafunzi wangu walikuwa wakifanya hivyo hivyo na daftari zao, nami nikiwachapa. Uliniambia hakuna mwingine unayeweza kumpa, ukanipa mimi, nami nimekupotezea mkono wa mkeo. Sijui kitu cha kurudisha mahali pake. Vitabu vyangu vyote thelathini na moja ni vyako, Damas anaweza kuja na boksi. Najua havitoshi.

Usiponiandikia tena nitaelewa.

Dafrosa


Tabora,
10 Aprili 2025

Mwalimu,

Barua yako nimesomewa na Jignesh. Nimemwambia arudie mara mbili, akadhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikaa dukani nikatazama ukuta mpaka adhana ya alasiri.

Sasa na mimi nikuambie nilichoficha, maana wewe umetaja mpaka chupa. Jicho langu la kushoto lilizimika mwaka juzi. La kulia lina mtoto wa jicho, na tangu Krismasi nikivaa kioo cha fundi naona ukungu. Ndiyo maana herufi ni kubwa. Naandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi, na mstari nausikia kwa kidole. Sikutaka ujue. Fundi saa asiyeona ni mzee tu aliyekaa dukani, na mkusanyaji wa vitabu vidogo asiyeona ana droo zilizojaa vumbi.

Jumanne baada ya Pasaka nitapasuliwa huko Dar, Jignesh atanisindikiza. Daktari ana matumaini, lakini jicho ni hilo moja na hakuniahidi. Nilitaka niutazame mwandiko wa Fatmabai mara moja kabla ya kuingia, hata kwa ukungu. Haja yangu ilikuwa hiyo tu.

Kwa hiyo tumelingana. Wewe huna kitabu, mimi hata ningekuwa nacho nisingekisoma. Kurasa zake nazijua kwa moyo: mchele vikombe viwili, choroko kikombe, chumvi kijiko. Usitume boksi lolote. Na usipande darini tena, darini hatukusanyi kitu.

Naumia, sitakudanganya. Lakini nakuandikia, na nitaendelea kukuandikia, hata kama herufi zitafika ukubwa wa mabango.

Murtaza


Kigango cha Tura,
12 Aprili 2025

Mwalimu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristu. Mimi ni Xavery, katekista wako, na kabla ya hapo mwanafunzi wako wa darasa la kwanza. Nakuandikia kwa sababu jambo hili siwezi kulisema kwa sauti utakayoisikia wewe bila kusikiwa na kigango kizima.

Tarehe mosi Februari, ulipokuwa Kigoma, Mama Pelagia alinikabidhi kitu alichokikuta kimening'inizwa kichwani pa kitanda chako: kifuko cha ngozi ya mbuzi, kimeshonwa pande zote, kimefungwa uzi mwekundu. Alikuwa analia. Alitaka kichomwe siku ile ile.

Unajua utaratibu wetu. Hirizi zinazosalimishwa tunaziweka kwenye debe sakristia bila kuzifungua, na mkesha wa Pasaka zinaingia kwenye moto mpya. Nikasubiri uje mwenyewe kuungama. Nimetoa mahubiri mawili juu ya watu wanaotumainia nyuzi na ngozi. Nilikuwa nakutazama wewe, nawe ukawa unatikisa kichwa kwa kukubali. Nilichoka.

Lakini kuna kinachonisumbua. Hirizi nimezishika nyingi. Zinanuka moshi, zinanuka mizizi na mafuta ya kondoo. Hii inanuka iliki. Inanuka chai ya sikukuu. Nimeitoa kwenye debe nikaiweka kabatini, kila wiki najiambia niirudishe, mkono unakataa. Mkesha ni Jumamosi ijayo. Kama kuna maelezo, Mwalimu, nipe. Wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza kabla ya kujibu.

Wako katika Kristu,
Xavery


Mlangoni pa sakristia,
12 Aprili 2025

Xavery mwanangu,

Nimekuja mbio, umekwenda kukata matawi ya kesho, na mlango umefungwa. Karatasi hii mkeo anakuletea huko huko uliko. Mimi nimekaa kwenye ngazi na siondoki.

Usichome. Usirudishe kwenye debe. Usiweke mshumaa karibu.

Ni mapishi.

Mwalimu


Stesheni ya Tura,
17 Aprili 2025

Mzee Murtaza,

Shikamoo. Jignesh, wewe utakayemsomea, msomee polepole, na kwanza mpe kopo hili mkononi. Alifungue. Akishakinusa ndipo uendelee.

Umekinusa? Basi ndicho.

Kilikuwa kanisani, mzee wangu. Wiki kumi kimekaa na hirizi za Tura nzima. Nilikitengenezea kifuko cha ngozi na uzi mwekundu nikakining'iniza kitandani, mimi na elimu yangu yote, na sikuona nimetengeneza nini. Pelagia aliona hirizi, akaipeleka kwa katekista. Nami nilipomwuliza nilimwuliza kitabu. Kifuko sikukitaja, kwangu kilikuwa kama karatasi ya kufungia sukari tu. Akajibu kweli tupu: kitabu hakukiona. Na chupa ya wanzuki hajaijua mpaka leo, nimejianika kwako bure.

Xavery alikuja na matawi begani, akafungua kabati. Nilipofumua kifuko mbele yake alisogea nyuma hatua mbili. Alipoona kurasa akasogea mbele tatu. Nikampa kioo changu. Alitazama mwandiko ule mpaka shingo ikamuuma, halafu akaniuliza kwa sauti kubwa niliyoisikia kila neno, kama vipo vya namna hii vyenye nyimbo za kanisa. Naona tumekuwa watatu.

Mimi nililia pale pale kwenye ngazi, na watu waliokuwa wanaleta matawi wakadhani ni toba. Ilikuwa nafuu tu, Mzee Murtaza. Nilikuwa nimebeba jiwe tangu Februari, na usiku ule nimelala kwa saa tisa bila kugeuka.

Nimekishona kwa siku nne. Nimefumua uzi wako wote na kuupitisha mpya mgongoni kabisa. Ukingo sijaukata. Kinafunguka sasa mpaka ndani.

Huwezi kukisoma leo, najua. Kishike hivyo hivyo mpaka Dar. Daktari akikuzuia kuingia nacho chumba cha kupasulia, mwambie ni dawa. Treni naiona inakuja, watu wameanza kunyanyuka, mimi sijaisikia. Nitasimama upande wa madirisha, nimevaa kitenge cha njano. Kama hunioni, punga tu. Mimi nakuona.

Dafrosa


Tabora,
8 Juni 2025

Mwalimu Dafrosa,

Marahaba.

Chukua kioo chako, ukae penye mwanga. Herufi hizi nimezifanya ndogo makusudi, na barua nzima imeingia kwenye karatasi ya ukubwa wa kiberiti, nimehesabu. Jignesh ameitazama akasema ni uchafu wa nzi. Nimemshukuru.

Jicho limeona. Siku walipofungua bandeji muuguzi aliniletea ubao wenye herufi, kubwa juu na ndogo chini, akaniambia nianze na kubwa. Nikatoa kitabu kwenye kopo la dawa ya kikohozi. Akasema, "Babu, hicho hapana, hata mimi sikioni." Nikamsomea achari ya ndimu yote, kwa Kigujarati, na hakuelewa neno, lakini alikaa kitandani kunisikiliza. Kwa mwezi walinikataza kupika (moshi usiniingie), kuinama na kulia. Nimetii mawili.

Sasa sikiliza. Alhamisi iliyopita niliruhusiwa jikoni. Nikafungua ukurasa wa kichri, ule wa upande wa kulia, ambao naujua kama jina langu. Kikafunguka mpaka ndani kabisa, kama ulivyosema. Na kule ndani, karibu na mgongo, kabla ya mstari wa chumvi, kuna neno ambalo sijapata kuliona. Nadhani alisahau kwanza, akaliongeza pembeni baadaye kwa herufi ndogo kuliko zote. Mimi nilipokishona kwa haraka baada ya mazishi yake, uzi wangu ulilimeza.

Neno lenyewe ni "nusu".

Nusu kijiko, Mwalimu. Miaka tisa nimetia kijiko kizima. Miaka tisa nimekula Alhamisi zenye chumvi nikisema mkono wangu si wake, kwamba ladha ile aliondoka nayo, na kwamba ndivyo mtu anavyokufa. Kumbe alikuwa ameandika. Nilikuwa nimelifunga mwenyewe kwa uzi.

Nikapika. Nikatia nusu. Nikapakua kwenye sahani yake, nikaonja nikiwa nimesimama.

Ni ya kwake.

Daktari asijue, lakini jicho jipya nimelilowesha. Wala sikuwa na huzuni. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikala sufuria yote, nikicheka peke yangu, mpaka Jignesh akachungulia dirishani kuuliza kama nimepata habari mbaya. Nimempa ukoko.

Kitabu cha ndege wa Ulaya nakituma kwa Xavery, kwa niaba ya mkono wake uliokataa. Na koti lile pia, huenda likamtosha. Mwambie cha nyimbo namtafutia. Kwa Mama Pelagia nimetuma halua, na umwambie imetoka kwenye hirizi ile ile. Kitabu chenyewe kimerudi droo ya juu, ndani ya kifuko chako cha ngozi, na uzi mwekundu nimeuacha.

Kopo kubwa analo Damas, limefungwa kwa kitambaa ili lifike na moto. Najua mazoea yako na kichri changu, mtungi utakuwa umeshausogeza karibu. Uweke mbali. Onja kwanza.

Wako,
Murtaza